Nzau Aliyehamia Karibu

Ijumaa ile jikoni kulijaa. Wanawake wa Kola walifika tangu asubuhi na sufuria zao, wengine na kuni kichwani, wengine na mitungi ya maji mgongoni, na kama ilivyo desturi yao matangani walikuwa wameshaanza kubishana nani apike wali na nani achambue maharagwe. Moto uliwaka mahali patatu. Ungepita barabarani ungesema, ama kweli, huyu marehemu alikuwa na watu. Lakini ungezunguka nyuma ya nyumba, pale kando ya kaburi la mumewe, ambapo katekista Bartholomew alikuwa ameweka mawe manne kuonyesha mahali pa kuchimba, hungekuta mtu. Hakuna sururu, hakuna mtaimbo, hakuna mwanamume hata mmoja wa kutema mate viganjani ashike kazi. Ni yale mawe tu na jua lake.

Na mazishi ni kesho yake asubuhi.

Nzau alikuwa amesimama pembeni mwa nyumba ya marehemu mama yake, mikono nyuma, akijifanya anaangalia hema linavyofungwa. Hakuwa anaangalia hema. Alikuwa anaangalia njia inayopanda kutoka kwa majirani, na kila alipoona kofia ikichomoza moyo wake uliruka, kisha kofia ikapita zake. Kila mara aliposogea jikoni wanawake walinyamaza. Walijua, na yeye alijua kwamba wanajua.

Mambo ya utui ule, yaani kijiji kile, ni hivi, na usije ukasema hukuambiwa. Kaburi huchimbwa na majirani. Hawaitwi, hawabembelezwi, wanakuja wenyewe siku moja kabla na vyombo vyao begani. Huo ndio mwethya: unatoa mikono yako kwa mwenzako, naye anatoa yake kwako, na hakuna anayepiga hodi kuomba. Mwenye msiba hagusi jembe. Mtoto kumchimbia mama yake mzazi kaburi ni jambo ambalo watu watalisimulia mpaka wajukuu walisikie. Na kukodi vibarua waje wamchimbie mama wa watu, loo, hilo bora usilitaje kabisa.

Sasa utauliza, huyu Nzau aliwakosea nini watu? Aliua? Aliiba mbuzi? Hapana. Alihama nyumba.

Nzau ni mpiga pasi. Anapiga pasi sare za shule kwenye kiwanda kimoja cha Industrial Area kule Nairobi, kazi ya mvuke na kusimama, na ameifanya tangu alipokuwa kijana wa shingo nyembamba. Yeye na mkewe Wavinya na binti yao Mutanu walikuwa wanaishi mtaa wa Pipeline, kwenye chumba ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda. Maji yalipandishwa ghorofani kwa ndoo. Kodi nayo ikapanda bila ndoo. Siku mwenye nyumba alipopandisha mara ya pili katika mwaka mmoja, mfanyakazi mwenzake akamwambia, "Nzau, wewe si uko na kwenu Machakos? Si uhamie town hapo? Pesa ya chumba kimoja hapa ni nyumba ya vyumba viwili huko, na maji iko kwa mfereji."

Nzau aliwaza siku kadhaa, mwisho akapiga moyo konde. Wakapata nyumba Machakos mjini, nyuma ya soko. Vyumba viwili! Wavinya alifungua mfereji wa jikoni, akaufunga, akaufungua tena, akicheka peke yake. Mutanu akapata meza yake ya kufanyia kazi ya shule. Na Kola, nyumbani kwa mama yake Nzau, ni mwendo mfupi tu wa pikipiki. Raha gani tena mtu anataka?

Safari yenyewe ya Nairobi sitaisimulia, kila mtu anaijua na hakuna aliyewahi kuifurahia. Ninachotaka ujue ni geti. Geti la kile kiwanda hufungwa saa moja asubuhi, na likifungwa limefungwa. Ukikuta limefungwa, leo wewe si mfanyakazi. Likikufungia tena, kuna mtu amesimama hapo nje tangu alfajiri akiombea nafasi yako, na ataipata. Basi Nzau aliondoka Machakos giza halijaamka na kurudi giza limeshalala. Jumamosi pia kazi. Alikuwa mkazi wa mji ambao hakuujua kwa jua. Jirani wa mlango wa pili alikaa mwezi mzima akidhani Wavinya ni mjane, akaja kwa upole kumkaribisha kwenye chama cha wajane cha kanisa lao. Wavinya alicheka hadi machozi yakamtoka. Alipomsimulia mumewe, Nzau hakucheka.

Mama yake, Mukai, ndiye aliyefurahi kupita wote. Jumapili ya kwanza Nzau alienda kumwona, akala muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mpaka akafungua mkanda, akamwambia, "Mwaitu, sasa niko hapa karibu. Nitakuwa nikikuja kila Jumapili." Mama akaamini. Mama gani haamini? Jumapili iliyofuata alisimama kanisani wakati wa matangazo, mguu wake mbovu umeegemea fimbo, akawaambia watu wote, "Nzau wangu amerudi nyumbani." Watu wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Nzau mwenyewe hakuwepo, alikuwa Machakos amelala kwa uchovu, mdomo wazi, wala hakujua kwamba siku ile alikuwa amehesabiwa upya.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwingine hata hawezi kulielewa. Kwa watu wa ule utui, mtu aliye mbali anatuma mchango wake kwa simu, na hakuna anayemlaumu. Ni mtu wa Nairobi, ataachaje kazi? Jina lake linasomwa, watu wanasema asante, wanaendelea kuchimba. Lakini mtu aliye karibu haleti simu. Analeta mwili wake. Anakuja na jembe, anakuja na jasho, anakaa chini na wenzake wakimaliza, wanakula sahani moja. Nzau alikuwa wa mbali miaka yote ile na alituma bila kukosa. Sasa mama yake ametangaza kanisani kwamba amerudi, kila mtu anajua analala Machakos, na yeye bado anatuma kwa simu! Kila msiba, simu. Kwa macho ya watu lilikuwa ni tusi, tena la kurudiarudia.

Alipofariki mzee Maundu, baba yake Ndolo, ndipo mambo yalipoharibika. Ndolo na Nzau walikua pamoja, walichunga ng'ombe pamoja, walichapwa pamoja. Na Ndolo ndiye anayeongoza wanaume wa kuchimba. Nzau alimwendea msimamizi wake kiwandani akamwomba siku moja tu. Msimamizi, bila kuinua macho, akamwambia, "Baba yako?" Nzau akasema ni baba wa rafiki. "Basi rafiki aende." Ikawa ni msimu wa shule kufunguliwa, sare zimelundikana hadi darini. Nzau akameza mate machungu, akatuma mchango, mkubwa kuliko kawaida.

Ukarudi. Simu ililia, akatazama, pesa zimerudishwa. Akasema labda ni mtandao. Akatuma tena. Zikarudi tena. Nzau, mtu mzima mwenye akili zake, akaweka simu mfukoni akasema huu mtandao siku hizi ni bure kabisa. Ah, Nzau! Wavinya alipomwambia, "Baba Mutanu, hiyo si mtandao, hiyo ni Ndolo," alimkaripia. Alisema atamwona Ndolo Jumapili amweleze. Jumapili ikapita, akalala. Nyingine ikapita. Wavinya ndiye aliyekuwa akienda Kola kwenye kila msiba, anateka maji, anapika, anaosha masufuria ya watu. Ndiyo maana jikoni kulijaa siku ile. Wale wanawake walikuja kumlipa Wavinya.

Mukai alianguka kwenye shamba lake la maharagwe, saa za asubuhi. Majirani walimbeba. Wavinya akakimbilia hospitali, akapiga simu, akapiga tena, akapiga mpaka kidole kikauma. Lakini kule kiwandani simu hufungiwa kabatini mtu anapoingia kazini. Nzau alipiga pasi mchana kutwa akiwaza mambo yake. Jioni alipofungua kabati alikuta simu imejaa jina la mkewe kutoka juu hadi chini, akampigia. Mama alikuwa ameshakufa. Nzau alikuwa amehamia karibu naye, mama akafa asimwone, tofauti hakuna na angekuwa Pipeline.

Basi turudi kwenye ile Ijumaa. Jua lilipopita utosini na njia bado tupu, Nzau hakuweza tena. Akavaa koti la heshima akaenda kwa Ndolo.

Ndolo alikuwa ameketi uwanjani kwake anatia mpini sururu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika! Aliinuka, akampa mkono, akamletea kiti, akaita chai. Alimpokea kama mgeni, na ni hilo lililomkata Nzau maini, kwa maana alikuwa ameingia uwanja ule tangu utotoni bila kubisha wala kupewa kiti.

"Pole na msiba," Ndolo akasema.

"Asante. Ndolo, nimekuja..." Nzau akakwama. Hajawahi mtu kuomba jambo hili, maneno yake hayapo. "Kaburi haijachimbwa."

"Nimesikia."

"Mazishi ni kesho, ndugu yangu."

"Hiyo pia nimesikia." Ndolo akagonga mpini mara mbili. "Sasa wewe ni mtu wa Nairobi. Pale Kyumbi kuna vijana wazuri sana, wako na nguvu. Unawatumia kwa simu, wanakuja. Mambo inaisha."

"Ndolo, usinifanyie hivi. Nitafungiwa geti, nitafukuzwa kazi, wewe hujui vile hiyo kazi iko. Niko na mtoto shule. Nilihama nikidhani nitapumua! Kila siku natoka usiku narudi usiku. Wewe unadhani mimi sikutaka kuja kwa mzee? Mzee Maundu si alinifundisha hata kufunga kamba ya viatu?"

Ndolo akaacha kugonga. Kisha akasema, "Kunywa chai, itapoa."

Nzau hakunywa. Aliondoka, na njiani akalia waziwazi, mwanamume wa miaka arobaini na ushei, koti la heshima limefunguka, hana habari na anayemwona. Aliwaza kuwaita wale wa Kyumbi. Akatoa simu. Akamwona mama yake akishushwa kwenye shimo la vibarua, watu wa kanisani wakitazamana, na mkono ukakataa. Akairudisha mfukoni.

Alipofika nyumbani hakusema na mtu. Alivua koti, akalitundika kwenye mti wa ua, akaingia stoo ya mama yake akatoka na jembe na sururu, akaenda moja kwa moja kwenye mawe manne. Akainua, akapiga.

Jikoni pakalipuka. "Aiya! Baba Mutanu!" Wavinya alikuja mbio na mwiko mkononi, unga bado uko vidoleni. "Weka chini! Wewe, weka chini, si ni mama yako!"

"Ndiyo, ni mama yangu," Nzau akasema akapiga tena. "Sasa achimbwe na nani?"

Katekista Bartholomew, mzee wa watu, mgongo umepinda, akamshika mkono akamsihi aache, kwamba watapata njia, kwamba wamngoje padre. Nzau akautoa mkono wa mzee taratibu akaendelea. Udongo wa juu ulikubali. Chini yake kuna changarawe, na chini ya changarawe kuna mwamba, kila mtu wa Kola anajua, ndiyo maana kazi ile hufanywa na watu wengi kwa zamu. Viganja vya mpiga pasi ni laini kwa mvuke. Vilitoka malengelenge, yakapasuka, mpini ukawa na damu. Alipiga akilia, akimwomba mama yake msamaha kwa sauti, na alipochoka aliegemea ukuta wa lile shimo ambalo lilikuwa halijafika hata magoti, kisha akaanza tena. Wanawake walisimama wakimtazama, mikono kichwani. Hakuna aliyekuwa anapika.

Mmoja wao hakuweza kuvumilia. Alikuwa Kavindu, mke wa Ndolo. Alifungua kanga ya kiunoni akaifunga upya kwa hasira, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mimi naenda kwangu. Kuna mtu nataka kumwambia kitu," na akaondoka kwa hatua ndefu.

Jua lilikuwa linaelekea milimani walipokuja. Ndolo mbele, mtaimbo begani, nyuma yake wanaume wa utui wote, kimya, kila mmoja na chombo chake. Walikizunguka kile kishimo. Ndolo akatazama ile damu kwenye mpini, akatazama kishimo, akasema neno moja tu: "Toka."

Nzau akatoka kwa kutambaa. Wakaingia. Wewe, kazi ya watu wanaoijua! Mtaimbo ukaingia mwambani, mawe yakang'oka, wawili wanachimba, wawili wanatoa udongo, wengine wanangoja zamu. Giza lilipokuwa linaingia kaburi lilikuwa limesimama wima pande zote, safi, lenye kimo cha mtu. Nzau alikuwa amekaa juu ya udongo. Ndolo alipopanda juu kujifuta jasho, Nzau alimrukia akamshika mkono kwa viganja vyake vilivyopasuka.

"Ndolo, Mungu akubariki. Asante ndugu yangu, asante, sijui niseme nini..."

Ndolo akautoa mkono wake, si kwa nguvu. "Usinishukuru. Hatukuja kwako."

"Siku ya kumchimbia baba yangu," Ndolo akasema, "mwaitu, mama yako, alikuja hapo kwetu mapema, kabla ya wanaume wote. Na ule mguu wake. Alikuwa amebeba jembe. Tukamwuliza, mama, hii ni ya nini? Akasema ni jembe la Nzau, Nzau amenituma, yeye ameshikwa na kazi lakini amesema nisikose. Halafu akaingia pale mahali pa kuchimba akainua. Mwanamke mzee, Nzau! Alipiga mara ya kwanza akaanguka magoti. Tulimwinua, tukachukua jembe, tukamkalisha. Alikaa pale juani mpaka tukamaliza. Hakukubali kwenda jikoni na wanawake, alisema amekuja badala ya mwanamume." Ndolo akatema mate chini. "Na si kwa baba yangu tu. Kwa kina Kitheka alienda. Kwa kila mtu alienda, tangu uhamie hapa."

"Sikumtuma," Nzau akasema. "Wallahi sikumtuma. Sikujua. Hakuwahi kuniambia."

"Tunajua hukumtuma. Sisi sote tulijua. Alikuwa anakusitiri." Ndolo akachukua mtaimbo wake. "Ndiyo maana tulikasirika. Na ndiyo maana tumekuja. Hiyo kaburi ni yake, amelipa mwenyewe."

Wavinya alikuwa ameleta maji ya kunawa. Nzau akamnyang'anya birika, akasimama mbele yao mwenyewe, akawamwagia maji mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakanawa, wakasema asante kwa adabu, kama wanavyomwambia mgeni. Akawapelekea chakula. Wakala kwa duara. Hawakumfukuza, ila hakuna aliyesogea kumpa nafasi, na yeye hakuthubutu kuiomba. Alisimama na birika lake.

Walipoinuka kuondoka, Ndolo alibaki nyuma kidogo. Alikuwa amepoa, na macho yake sasa yalikuwa ya yule waliyechunga naye ng'ombe. Ni wazi alikuwa anamhurumia.

"Mke wa Kitheka amefariki jana, sijui kama ulisikia," akasema. "Tunachimba Jumanne asubuhi." Akauweka mtaimbo begani. "Mwaitu hayuko tena, Nzau. Utakuja?"

Nzau alifungua mdomo aseme ndiyo. Kiwandani walikuwa wamempa ruhusa mpaka Jumatatu tu. Alimtazama Wavinya, na Wavinya akatazama chini. Ndolo alisimama pale, mtaimbo begani, akimpa muda, akampa muda zaidi, mpaka wenzake wakamwita kutoka njiani. Nzau alikuwa bado ameshika lile birika.